Binti Yangu na Muhula wa Tatu

Akina mama wenzangu, mimi ni muuguzi. Nimefanya kazi hii kwa zaidi ya miaka 20, na kanisani nimo katika kamati ya akina mama wanaotembelea wagonjwa. Elimu yangu ni stashahada ya uuguzi, wala sijapata kuketi katika darasa la chuo kikuu. Nayasema haya mapema, mama msomaji, usije ukadhani kwamba anayekuletea habari za masomo ya siasa na uhusiano wa kimataifa ni msomi wa mambo hayo. Yale machache ninayoyajua nimefundishwa na binti niliyemzaa mwenyewe. Na kabla sijakubali kufundishwa, nilimtendea jambo ambalo hata leo naona haya kulitaja.

Ilikuwa Septemba 2024. Binti yetu, ambaye ni wa kwanza kati ya watoto watatu, alikuwa amemaliza kidato cha sita na kupata daraja la kwanza. Aliomba nafasi katika vyuo viwili. Wakati wa kujaza maombi kwenye kompyuta simu yake ilikuwa mbovu, kwa hiyo akaandika namba yangu. Majibu yalipotoka, akawa amechaguliwa kote kuwili: chuo kimoja ualimu, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam sayansi ya siasa na utawala wa umma. Mzazi mwenye mtoto wa umri huo anafahamu kwamba aliyechaguliwa mahali zaidi ya pamoja hutumiwa namba ya siri ili athibitishe chuo anachokitaka, na siku za kuthibitisha huwa za kuhesabika.

Namba ile iliingia katika simu yangu saa moja jioni, nikiwa zamu. Niliusoma ujumbe mara mbili. Kisha nikaitia simu katika mfuko wa gauni langu la kazi, nikaenda kumpima mgonjwa presha. Usiku ule sikumwambia mtu. Niliporudi nyumbani asubuhi, binti aliniamkia, akanipokea mkoba, akauliza kama kuna ujumbe wowote umeingia. Nikamjibu, "Bado, mwanangu." Nikaingia chumbani kulala, wala usingizi haukuja.

Siku mbili nilikaa na namba ile. Siku ya tatu umeme wa LUKU ulikwisha wakati wa kupika chakula cha jioni, na mume wangu akachukua simu yangu ili anunue mwingine. Nilikuwa jikoni. Akaja akasimama mlangoni, simu mkononi, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, ujumbe huu si wako." Hakuongeza neno. Angenigombeza ningepata la kujibu.

Sababu niliyompa mume wangu ilikuwa ya mkate wa kila siku. Nilimwambia kwamba anayesomea ualimu atapata mkopo upesi na kazi baadaye, lakini huyo wa siasa atakula nini? Yeye ni mwalimu wa sekondari. Akanikumbusha kwamba walimu wenye shahada nao wanakaa nyumbani miaka wakisubiri ajira, na wengine tunawajua kwa majina, wako hapo sokoni. Nikaja na sababu ya pili. Nikasema siasa ni mchezo mchafu, na mwanamke akiingia humo hutukanwa matusi ambayo mwanamume hatukanwi. Hilo nalo si uongo. Katika mtaa wetu dada mmoja aligombea udiwani, mtu mwenye ndoa yake na heshima yake, na maneno yaliyosemwa juu yake kisimani na kwenye vibanda sitayaandika katika gazeti la familia.

Lakini kulikuwa na sababu ya tatu ambayo sikuitamka. Mimi nilitaka kuwa daktari. Alama zangu za kidato cha nne hazikutosha na wazazi wangu hawakuwa na fedha, nikaishia uuguzi, na Mungu amenibariki katika kazi hiyo. Binti huyu alipofanya vizuri fizikia, kemia na biolojia, niliona koti jeupe linamjia yeye. Mwaka 2022 alipochagua kwenda kidato cha tano kusoma historia, jiografia na lugha, nilinyamaza, lakini ndani yangu nilikuwa nimenuna. Nilinuna miaka miwili mizima. Namba ile ya siri ilipoingia kwangu, nikaona nimepata mahali pa kulipiza, ingawa wakati ule nisingeliita jina hilo.

Tulimwita sebuleni. Nilimwambia mwenyewe, kwa kuwa mume wangu alikataa kunisemea. Nilitegemea machozi. Akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe iliingia juzi." Baadaye akaniuliza, "Mama, unakumbuka Kagunga?"

Ningesahauje Kagunga? Wasomaji wa Kigoma hawahitaji kuelezwa, lakini kwa walio mbali, Kagunga ni kijiji kilicho pembeni mwa Ziwa Tanganyika, karibu kabisa na mpaka wa Burundi, kaskazini ya hifadhi ya Gombe. Mbele yake ni maji, nyuma yake ni milima mikali, na ufukwe ni mwembamba. Mwezi wa Mei 2015 watu makumi kwa maelfu kutoka Burundi walijazana juu ya ufukwe huo. Choo hakuna, maji ya kunywa ni yale yale ya ziwa, usiku wanalala mchangani. Kipindupindu kikaingia. Meli ya Liemba, ile ya Wajerumani iliyoanza kuelea mwaka 1915, ikawa inawachukua watu kwa mamia kuwaleta Kigoma mjini. Yenyewe haikuweza kutia nanga ufukweni, kwa hiyo wagonjwa na wazee walipelekwa kwa mitumbwi na kupandishwa wakishikwa mikono. Mjini walifikia katika Uwanja wa Lake Tanganyika, halafu mabasi yakawapeleka kambi ya Nyarugusu.

Mimi nilikuwa miongoni mwa wauguzi waliopelekwa kusaidia. Anayejua kipindupindu anajua kwamba mtu mzima huweza kupoteza lita nzima ya maji ya mwili kwa saa moja. Macho yanazama, ngozi ukiifinya haishuki, choo kinakuwa kama maji ya kuoshea mchele. Kazi ni moja: kurudisha maji. Anayeweza kunywa apewe maji ya chumvichumvi, asiyeweza atundikiwe dripu, na ukikosa mshipa mkono huu unatafuta ule mwingine haraka. Tulitundika dripu kwenye miti, kwenye kamba, kwenye mikono ya ndugu waliosimama. Katika majuma yale waliougua walifika maelfu na waliokufa walikuwa kama 30. Kwa ugonjwa ule na mahali pale, idadi hiyo ya vifo ni ndogo, na nathubutu kusema ni kwa sababu dripu zilifika. Lakini mama mmoja niliyempoteza alfajiri, na mtoto wake amelala kando yake hajui, simwoni kama idadi ndogo.

Niliporudi nyumbani nilioga uani kwa maji ya klorini kabla ya kumgusa mtu yeyote. Binti yangu alikuwa darasa la tano. Alisimama mbali, kama nilivyomwamuru, akaniuliza wale watu wamekimbia nini. Nikamwambia, vita. Akasema, "Lakini redio haisemi vita, inasema muhula wa tatu. Sisi shuleni tuna mihula miwili tu. Mtu anakimbiaje nchi yake kwa sababu ya muhula?"

Nilicheka, nikamwambia akachote maji. Jibu sikuwa nalo. Yeye hakulisahau swali, ndilo aliloniletea tena sebuleni miaka tisa baadaye.

Akachukua daftari, akatuchorea. Mwaka 1993 Burundi iliingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye. Mwalimu Nyerere alifanya kazi ya kuwapatanisha hapo Arusha mpaka alipofariki mwaka 1999, Mandela akaipokea, na mkataba ukatiwa sahihi Agosti 28, 2000. Mkataba ule unasema mtu asiwe rais kwa zaidi ya mihula miwili. Sasa ikaja katiba ya mwaka 2005. Hiyo inasema rais anachaguliwa na wananchi wote kwa miaka mitano, na anaweza kurudia mara moja. Lakini rais wa kwanza baada ya kipindi cha mpito, Pierre Nkurunziza, hakuchaguliwa na wananchi wote. Mwaka 2005 alichaguliwa na bunge, na wananchi walimchagua mwaka 2010. Ilipofika Aprili 2015 chama chake kikamsimamisha tena. Wafuasi wake wakasema ile ya bunge haihesabiwi. Wapinzani wakasema mkataba wa Arusha uko wazi, mihula ni miwili na imekwisha. Mahakama ya Katiba ikaamua upande wa rais. Mei 13, viongozi wa Afrika Mashariki wakiwa wamekutana Dar es Salaam kuzungumzia jambo hilo hilo, na Nkurunziza mwenyewe akiwa huko, jenerali mmoja akatangaza Bujumbura kwamba serikali imepinduliwa. Mapinduzi hayakufaulu. Watu wakazidi kukimbia, na wengine walikuwa wanakimbia kwa mara ya pili au ya tatu, kwa kuwa walikwisha kukimbia mwaka 1972 na 1993, na waliyaona mapema yale ambayo kijana asingeyaona.

"Mama," akasema, "wagonjwa wako waliugua kwa sababu ya maji machafu. Lakini walifikishwa kwenye maji hayo na sentensi mbili ambazo hazikupatana. Mtu aliyeziandika ile ya pili ilikuwa kazi yake kuisoma ile ya kwanza. Mimi nataka kujifunza kuzisoma."

Nilijitetea kidogo. Nilimwambia kwamba Mama Gertrude Mongella, yule wa Ukerewe aliyekuwa Katibu Mkuu wa mkutano wa wanawake wa Beijing mwaka 1995 na baadaye rais wa kwanza wa Bunge la Afrika, alisomea ualimu. Na Mama Asha-Rose Migiro, aliyekuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa tangu 2007 hadi 2012, alisomea sheria. Kwa hiyo hata ualimu unafikisha huko, si lazima siasa. Mume wangu akaangua kicheko, akasema naona mama sasa amekuwa wakili wa serikali. Binti naye akacheka. Tukathibitisha Dar es Salaam usiku ule ule, tukiwa na LUKU mpya.

Nilimwomba msamaha, akanisamehe. Lakini namba ya simu aliibadilisha kesho yake, akaweka yake mwenyewe. Nilistahili.

Basi akapanda treni ya reli ya kati na mfuko wa dagaa wa Kigoma na chupa mbili za mawese. Bodi ya Mikopo ilimpa sehemu ya ada na fedha za kujikimu, ambazo wanafunzi wanaziita bumu. Sehemu iliyobaki ni yetu, na nimechukua zamu za ziada. Wapo watu wanaotuuliza kwa nini tunajitesa kwa ajili ya masomo yasiyo na kazi.

Nilitaka kujua anafundishwa nini, kwa hiyo akirudi likizo ninasoma madaftari yake, ingawa mengi yako kwa Kiingereza kigumu. Nilidhani wanafundishwa kugombea kura. La hasha. Wanafundishwa dola ni nini, nani ana haki ya kuamuru, na ni nini kinachofanya watu watii. Wanasoma mkutano wa Berlin wa mwaka 1884 na 1885 uliotangulia kugawanywa kwa bara letu, na azimio la Cairo la mwaka 1964 ambapo nchi za Afrika, Mwalimu akiwa mstari wa mbele, zilikubali kuiacha mipaka kama ilivyorithiwa, mibaya hivyo hivyo, kwa kuogopa vita vya kuirekebisha. Ukiwa umekulia mpakani kama mimi, ambapo ndugu wako pande zote mbili, unaisoma habari hiyo kwa hisia zako binafsi. Kuna takwimu pia, ambazo zilimpa shida, na somo la maendeleo ambalo pale chuoni hata anayesomea uhandisi hulisoma.

Lililonishangaza kuliko yote lilikuwa habari ya wakimbizi. Mkataba wa dunia wa mwaka 1951 unamtambua mkimbizi kuwa mtu mwenye hofu ya kuteswa yeye kwa sababu ya kabila, dini, uraia, kundi lake au maoni yake. Maana yake kila mmoja aulizwe habari zake. Lakini mwaka 1969, Addis Ababa, nchi za Afrika zilitengeneza mkataba wao na kuongeza kwamba hata anayekimbia kwa sababu amani ya mahali pake imevurugika ni mkimbizi. Kumbe ndiyo maana kule Kagunga hakuna aliyewauliza wale akina mama vyeti wala ushahidi. Walipokewa wote kwa pamoja. Nilikuwa nimedhani ni huruma yetu tu Watanzania. Huruma ilikuwepo, lakini ilikuwa imeandikwa pia na watu waliokaa mezani kabla mimi sijazaliwa. Na Januari 2017 serikali yetu ilipoacha utaratibu wa kuwapokea Warundi kwa pamoja, ikawa kila mmoja anaulizwa tena. Nililisikia jambo hilo wakati ule nikadhani ni habari za ofisini. Sasa ninajua lilimaanisha nini kwa mama aliyefika mpakani usiku.

Hofu yangu haijaisha, sitaki nikudanganye. Mwishoni mwa Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi mkuu, binti alikuwa amekwisha kwenda Dar es Salaam kwa shangazi yake kusubiri mwaka wa pili uanze. Mtandao ukazimwa, na jijini ikatangazwa amri ya kutotoka nje jioni. Nilimpata kwa simu ya kawaida mara moja tu, kwa dakika mbili, akasema wako ndani, wako salama, wana unga. Siku zilizobaki nilikuwa mtu wa kupiga magoti. Mume wangu hakulala. Yaliyotokea siku zile watu wameyasema wenyewe, sina haja ya kuyarudia hapa. Ila nilikuwa nikijiuliza kama nimempeleka mtoto kwenye moto kwa mkono wangu, kisha nakumbuka kwamba shangazi yake, ambaye anauza vitambaa, alikuwa amejifungia katika nyumba ile ile.

Kuhusu kazi, mama mwenye binti anayetaka masomo haya asimdanganye wala asidanganywe. Ubalozi ni nafasi chache sana. Kipo kile Chuo cha Diplomasia cha Kurasini, kilichoanzishwa mwaka 1978 na Tanzania na Msumbiji kwa pamoja, ambacho sasa kina jina la Dk. Salim Ahmed Salim. Huko mtu huweza kuendelea, lakini hata anayetoka huko hapewi hati ya ubalozi mlangoni. Wengi wanaishia kuwa maofisa wa serikali za mitaa, watendaji wa kata, waandishi wa habari, wafanyakazi wa mashirika. Wengine wanakaa nyumbani. Namfahamu mmoja anayetengeneza simu, na anazitengeneza vizuri. Nilipomweleza binti hayo, akanijibu anayajua.

Likizo ndefu ya mwaka 2025 alipomaliza mwaka wa kwanza alirudi nyumbani, akaenda ofisi ya kata kuomba kujitolea bila malipo. Nilifikiri atakuwa anaandika barua. Mtendaji alimpa daftari na kumtuma mitaani na bwana afya kuhesabu kaya zisizo na vyoo. Juma zima alirudi jioni na vumbi mpaka kwenye nyusi, amefukuzwa na mbwa mara mbili, na mzee mmoja amemwambia kwamba choo cha mtu si mambo ya serikali. Alikaa barazani, akavua viatu, akafungua daftari lake.

"Mama, choo kinatakiwa kiwe umbali gani kutoka kisimani?"

"Si chini ya mita 30," nikamwambia. "Na kisima kiwe upande wa juu, mteremko utoke kisimani kwenda chooni."

Akaandika. Kisha akauliza ni nani aliyeweka kipimo hicho, na kimeandikwa katika sheria ipi. Hilo nalo sikuwa nalijua, nikamwambia akamuulize bwana afya kesho.